Ford Nyekundu ya Southall

"Shangazi anasafiri leo."

Ilikuwa sauti ya mkuu wa ujasusi. Simu kutoka Dar es Salaam ikakatika.

Placida Haule akachomoa laini, akaivunja, akaitupa kwenye pipa nje ya stesheni ya treni ya Southall, London. Shangazi ni jina la kazi. Mwenyewe aliitwa Thadei Massawe, mwanajiolojia wa serikali. Alikuja London kwenye mkutano, akatoka hotelini kwenda kumsalimia mtu wa kijijini kwao, hakurudi. Kichwani alibeba siri ya mahali yalipo madini ambayo kampuni moja ya kigeni ilikuwa tayari kuua ili iyawahi.

Leo wangempakia melini. Meli ikishang'oa nanga, Thadei angekuwa maiti inayosubiri kuhojiwa.

Na huyo mtu wa kijijini kwao aliitwa Godbless Lyimo. Placida alimaliza kusoma faili lake akatamani kunawa mikono.

Godbless aliuza magari ya zamani ya Kimarekani. Cadillac, Mustang, Chevrolet. Pikapu za Ford F-100 zilizowahi kubeba majani ya ng'ombe huko Texas, na sasa zinagombaniwa na matajiri ambao hata ndoo ya maji hawajawahi kubeba.

"Jotham, unanisikia?" Placida alinong'ona kwenye kipaza sauti kilichofichwa kwenye kola ya koti.

"Loud and clear, madam. Niko na van hapa karibu na gate. Lorry ya kubeba magari iko ndani, inaload."

"Tulia mpaka nikuambie."

"Sawa sawa."

Jotham alikuwa Mkenya wa Thamesmead, mtaa mwingine wa London, dereva asiyeuliza maswali. Placida alimpenda kwa hilo tu.

Akaingia yadi ya Godbless. Koti la bei mbaya, miwani ya Gucci, bastola ya Glock 19 ndani ya mkoba.

Godbless alimpokea kwa mikono miwili. Kofia ya wachunga ng'ombe, mkufu wa dhahabu, mabuti ya ngozi ya nyoka. Mtu mzima wa Moshi, kajivika kama mtoto kwenye sherehe ya shule.

"Karibu sana, sister! Umetumwa na mheshimiwa gani?"

"Mheshimiwa hatajwi ovyo. Anataka pikapu."

"Umefika penyewe! Ila hizi tatu ziko sold, zinakwenda port sasa hivi."

Zilikuwa F-100 tatu juu ya lori. Mbili zimeliwa na kutu kuanzia boneti hadi bodi.

"Mbona zimeoza?"

Godbless akacheka. "Dada yangu, hiyo kutu ndiyo mali! Collector akiona rangi mpya anakimbia. Anataka rangi ya kiwandani, hata ikiwa imebaki ya kulamba. Kutu tunaipaka vanishi isitoke."

Placida akatazama ya tatu. Nyekundu, inang'aa, rangi bado inanuka. Hata tairi zilikuwa zimepakwa dawa nyeusi.

"Na hiyo?"

Kicheko kikakatika. "Hiyo... mwenyewe aliipenda hivyo."

Mjinga.

Mhalifu mwenye akili angeficha alama mpya za kuchomelea kwa matope na oili chafu, na hakuna ambaye angeangalia mara mbili. Lakini mtu wa kwetu haachii gari liondoke mikononi mwake likiwa chafu. Kwanza aliogeshe, alipake rangi, ang'arishe tairi, ndipo amkabidhi mwenyewe. Miaka yote hiyo London, Kiingereza cha puani, na bado Godbless alikuwa dalali wa magari wa kwao Moshi.

Placida akajifanya anakagua chini. Akabandika kinasa sauti chenye sumaku, kidogo kama kifungo cha shati, kwenye sakafu ya bodi ya ile nyekundu. Sikioni mwake ukasikika mlio wa upepo. Halafu pumzi. Nzito, za mtu aliyeleweshwa kwa dawa.

"Shangazi yuko kwenye nyekundu," akasema.

Godbless alisikia.

"Tom! Go! Go!"

Tom, jambazi wa kukodiwa wa ile kampuni, alikuwa kwenye usukani. Lori likanguruma, likaruka kuelekea getini.

"Jotham. Ziba."

Van ikaingia kinyumenyume ikaziba geti. Breki zikalia. Tom akashuka na bastola, akafyatua bila kulenga. Risasi ikatoboa mlango wa Mustang.

"Not the Mustang!" Godbless akapiga ukunga.

Binadamu mwenzake yumo ndani ya chuma, yeye analilia mlango!

Placida alipiga risasi moja. Bastola ya Tom ikaanguka, Tom naye akaanguka juu yake, ameshika kifundo cha mkono, akitukana. Jotham akamkalia mgongoni.

Placida akapanda juu ya lori na mtaimbo. Rangi nyekundu ikabanduka vipande vipande. Sakafu ya bodi ikainuka, na chini yake, ndani ya sanduku jembamba la bati, alilala Thadei, midomo imekauka, mikono imefungwa.

"Sijasema," Thadei alinong'ona.

"Najua, kaka. Ungesema wasingekusafirisha."

Godbless akasogea hadi kwenye lori. "Thadei, ndugu yangu, walinilazimisha. Wallahi... haki ya Mungu."

Alichanganya hata viapo.

Thadei akamgeuzia uso. "Mama yako alinipa mzigo wako. Ndio niliokuja kukwambia siku ile. Uko hotelini, kwenye begi."

"Mzigo gani?"

"Sweta. Kakufumia mwenyewe. Alisema huku baridi."

Godbless akakaa chini kwenye saruji, akalia kwa sauti. Placida hakumhurumia hata chembe. Alimfunga pingu na kuzikaza zaidi ya ilivyotakiwa.

Ving'ora vya polisi vilikuwa vinakaribia. Jotham akakuna kichwa.

"Na hiyo sweta, madam?"

"Apelekewe jela. Mama yake hana kosa."

Akavaa miwani yake, akamwacha Thadei akinywa maji ya Jotham, akavuka barabara kuelekea stesheni kabla polisi hawajafika.