Gaffer Hakimbii

Kila Jumamosi asubuhi, babu yake akiwa bado anapuliza chai, Tilda alikuwa ameshavaa mabuti ya mpira na kushika njia ya kupanda kilima cha Skelbeck. Huko juu, nyuma ya ukuta wa mawe, Bi Alderson alikuwa na makao ya kuokoa vicheche wa kufugwa, wale ambao wazee wa kaskazini mwa Uingereza huwatumia kuwinda sungura. Tilda alibadilisha maji, akatoa matandiko yenye uvundo, kisha akavaa glavu nene na kwenda kwa Gaffer.

Gaffer alikuwa mkazi wa kudumu. Kiti cha kukunja kilijikunja akiwa chini yake, kikamvunja uti wa mgongo, na tangu siku hiyo alitambaa kwa miguu ya mbele huku akiburuta kiuno kama gunia. Mara tatu kwa siku ilibidi akamuliwe mkojo kwa vidole, kwa kuwa hakuweza kuutoa mwenyewe. Hakumshukuru mtu yeyote kwa kazi hiyo. Alimng'ata kila aliyemgusa, kisha akamwibia soksi.

Wanyama wenye mahitaji maalumu kama yeye hawakupewa watu wa kwenda nao nyumbani. Walibaki hapo maisha yao yote, na kila mmoja alitafutiwa mfadhili wa kumgharimia chakula na dawa. Mwezi wa Januari darasa la Tilda liliamua kumfadhili mmoja. Wengi walimtaka Pudding, jike jeupe, tulivu, ambaye kasoro yake ilikuwa uziwi tu. Tilda alipanda juu ya kiti akagoma kushuka.

"Pudding ana wafadhili tisa," alisema. "Gaffer hana hata mmoja. Nani atamchukua kama si sisi?"

"Tilda, shuka," alisema Mwalimu Sunter.

"Nitashuka tukishapiga kura, Mwalimu."

Gaffer alishinda kwa kura moja. Wakakubaliana kwamba Tilda, ambaye tayari alikuwa akienda huko, alete habari zake kila Jumatatu, na kwamba mwezi wa Julai, siku ya tamasha la kijiji, wapige kura tena kuona kama wataendelea naye.

Aliyeudhika kuliko wote alikuwa Callum Raw. Vicheche wa baba yake walishinda kila mwaka mbio za mabomba kwenye tamasha hilo, ambapo kila mnyama huingizwa kwenye bomba refu na wa kwanza kuchomoza upande wa pili ndiye bingwa. Kwa Callum, kicheche alikuwa mbio na sungura, basi.

"Vipi, lile gunia lenu limeshasimama?" aliuliza Jumatatu moja, na darasa zima likacheka. "Baba anasema kicheche asiyefanya kazi ni mdomo wa kulisha tu."

Kicheko kile kilimuuma Tilda kuliko meno ya Gaffer.

"Kwa taarifa yako, juzi amesimama," alijibu.

Mtu mmoja akapiga makofi, na wote wakafuata. Tilda akaketi, akijiambia kwamba ni neno moja tu na halina madhara.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Tilda ilifika hadi Juni, kwa kuwa kila Jumatatu aliiongezea kipande. Gaffer alipiga hatua mbili. Gaffer alivuka chumba. Gaffer alimkimbiza paka. Wenzake walianza kumchora ukutani akiwa na miguu minne imara, na hata Callum akaacha kejeli. Jumamosi, Tilda aliporudi kwa Gaffer halisi, hakuweza kumtazama usoni.

Wiki moja kabla ya tamasha, alipita dukani kununua mkate na kukuta tangazo la mbio mlangoni. Jina la nne kwenye orodha lilikuwa "Gaffer wa Darasa la Sita." Callum alikuwa amesimama hapo hapo, amejaa furaha.

"Tulitaka kukushtukiza," alisema. "Wazo ni langu. Nimemwambia baba aandae bomba la pembeni, lile laini, asije akaumia mgongo."

Kejeli Tilda angeijibu, lakini wema huu ulimwelemea. Aliuacha mkate, akapanda kilima mbio.

Bi Alderson alikuwa ameketi jikoni, tangazo lilelile liko mbele yake.

"Karibu," alisema. "Eti Gaffer anakimbia. Ajabu, mimi mwenyewe hajaniambia."

"Walikuwa wanamcheka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilisema anapona. Ningefanyaje, Bi Alderson? Wangempigia kura Pudding, naye angebaki bila mtu. Mimi sijutii kumtetea."

"Hukumtetea. Umebuni kicheche mwingine, ukampa jina lake." Bi Alderson alisukuma kiti nyuma. "Simpigii simu mwalimu wako. Siku ya mbio nitamleta uwanjani ndani ya sanduku lake, na wewe utasema. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Na wakimwacha?"

"Wakimwacha nitamkamua vilevile," alisema mama yule. Lakini kuhusu dawa hakusema kitu, na Tilda aliona alivyogeukia dirisha.

Siku ya tamasha jua lilitoka. Bendi ya tarumbeta ilipiga kando ya mto, watu wakala pai za nyama wakiwa wamesimama, na mabomba yakalazwa sambamba kwenye nyasi. Darasa la sita walikuja na riboni za kijani vifuani. Mchinja nyama wa kijiji, aliyekuwa mtangazaji, aliita washindani kwa kipaza sauti. Alipofika jina la nne, Tilda alikwenda akamnyooshea mkono.

"Naomba hicho, Bwana Kearton."

Alikishika kwa mikono miwili. Kisha akainua kidevu.

"Gaffer hakimbii," alisema. "Hajawahi kusimama. Yote niliyowaambia ni uongo wangu."

Kicheko kikapita uwanjani. Darasa lake halikucheka. Callum alikuwa amekuwa mwekundu hadi shingoni.

"Umetufanya wajinga," alisema. "Mbele ya kijiji kizima."

"Ndiyo. Nimekosa, na naomba radhi kwenu wote. Lakini sikukosa kumchagua, na hilo sitaliombea radhi." Alinyoosha kidole kwenye sanduku la Gaffer, lililokuwa miguuni pa Bi Alderson. "Hatasimama kesho wala mwakani. Anajikokota, ananuka, anang'ata. Huyo ndiye mliyemfadhili. Mkitaka kumwacha, njooni mumtazame kwanza, ndipo mumwache."

Callum akaja hadi kwenye sanduku, akainama. Gaffer alijivuta kwa miguu ya mbele, pole pole, akafika ukingoni na kumng'ata kidole. Hakuridhika na hilo. Aliikamata riboni ya kijani, akaing'oa kifuani mwa Callum na kuiburuta hadi chini ya matandiko yake, kiuno kikimfuata nyuma.

"Ameniibia," alisema Callum.

"Humwibia kila mtu," alijibu Tilda.

Mwalimu Sunter aliwaitisha kura papo hapo. Wanane walimtaka Pudding na hawakuficha hasira zao. Mikono mingine ilipanda mmoja mmoja, na wa mwisho ulikuwa wa Callum, kidole kikivuja damu.

"Abaki," alisema. "Ila habari za Jumatatu nitaleta mimi. Wewe hatukuamini tena."

Maneno hayo yalimchoma Tilda kama upupu. Alitaka kujibu, lakini akaona kwamba hana haki hiyo.

"Sawa," alisema. "Njoo na glavu."

Watu waliporudi kwenye mbio zao, Bi Alderson alifunika sanduku na kumtazama.

"Leo umesimama vizuri," alisema. "Ukaidi wako ninaupenda, mwanangu, usiupoteze. Lakini nikuulize. Uliniambia Callum alisema asiyeweza kufanya kazi hana thamani. Na wewe, badala ya kumwambia ana thamani hivyo alivyo, ulisema nini?"

Tilda alitazama nyasi.

"Nilisema anatembea."

"Basi ulimkubalia Callum. Uongo wa kumsaidia mtu kwanza humwambia kwamba hatoshi. Ukimpenda mtu, sema ukweli wake, kisha simama naye hapo hapo hata wakicheka."

Tilda alijifuta pua kwa kiganja, akakiondoa kifuniko, akaliinua sanduku mwenyewe, akalikumbatia kifuani na kukatiza katikati ya uwanja mbele ya watu wote, Gaffer akiwa wazi kuonekana.