Jipu la Kitinda

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku alikuwa na kazi moja: kubatiza watu. Alisimama penye bomba la shule, mikono kiunoni, na kila aliyekuja kunywa maji aliondoka na jina. Mwenye masikio makubwa aliitwa Sufuria, mwenye miguu myembamba akaitwa Bikari. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu, kila mmoja akishukuru kwamba leo si zamu yake. Yeye mwenyewe aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na jina hilo alilipenda.

Siku hiyo zamu ilimwangukia mdogo wake wa tumbo moja, Kitinda, aliyekuwa ameota jipu jekundu kati ya pua na mdomo.

"Jamani, pisheni!" Chiriku alipaza sauti. "Taa ya Nyuma inapita! Ikiwaka, simameni!"

Kufikia mapumziko, shule nzima ilikuwa ikimwita hivyo. Wengine walifunga breki kwa midomo kila alipopita. Jioni Kitinda alijifunika shuka gubigubi, akalia.

"Dada, kesho siendi shule."

"Acha kudeka. Nitalitumbua, liishe."

Mama yao alikuwa mshonaji. Asubuhi Chiriku alichomoa sindano kwenye kimto chake, akaificha kwenye kola. Nyuma ya vyoo vya shule, watazamaji walikuwa wakingoja, maana alikuwa amewaalika. Wawili walimshika Kitinda mikono. Chiriku alichoma, akaminya kwa kucha, akaminya tena. Mdogo wake alipopiga kelele, wote wakamwiga.

"Ukimwambia mama," Chiriku alimnong'oneza akimfuta usaha kwa soksi, "nitakupa jina utakalozikwa nalo."

Kitinda hakusema. Siku ya pili yake homa ilimshika, kichwa kikamgonga, na jicho la kushoto likavimba. Zahanati walisema ni macho mekundu, wakampa dawa ya matone. Kulipokucha, jicho lilikuwa limesukumwa nje na halizunguki. Mama aliifunika cherehani, akambeba Kitinda mgongoni mpaka hospitali, Chiriku akifuata nyuma na chupa ya maji.

Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwinamia mgonjwa.

"Mwanangu, hapa juu ya mdomo pana kigaga. Ulifanya nini?"

"Nilianguka," Kitinda alijibu, akimtazama dada yake kwa jicho lililobaki.

Chiriku aliinamia chupa ya maji. Mdomo uliobatiza shule nzima ulikuwa mkavu. Aliogopa kipigo, tena alikiogopa kuliko alivyomhurumia mdogo wake, na alijua hivyo.

"Nataka ukweli," daktari alisema. "Kama hapa palikuwa na jipu likaminywa, dawa ni nyingine, na muda hatuna. Mtoto huyu anaweza kufa."

"Ni mimi," Chiriku alisema. "Nililitumbua kwa sindano."

Daktari hakumgombeza. Aliita muuguzi, dripu ikatundikwa, dawa kali zikaanza kuingia. Ndipo alipomgeukia Chiriku.

"Njoo hapa, fundi wa majipu. Damu ikishatumika kwenye ubongo hurudi moyoni kwa mishipa iitwayo vena. Nyingine hukusanyika kwanza kwenye kibwawa kilicho nyuma ya macho, kisha hushuka shingoni. Sasa, vena za hapa, kati ya pua na mdomo, zimeungana na kibwawa hicho hicho, na damu yake hurudi nyuma kwa urahisi. Ulipominya, usaha haukutoka wote. Mwingine uliusukuma ndani, ukapanda, damu ikaganda huko na kuziba njia. Ndiyo maana jicho limetokeza."

Chiriku alijigusa juu ya mdomo.

"Jipu la usoni haliminywi wala halichomwi. Linaletwa hapa," daktari aliendelea. "Mzaha mzaha hutunga usaha, mwanangu. Wako umefika karibu na ubongo."

Mama hakumpiga. Hata kumtazama hakumtazama.

"Nilikuzalia ndugu," alisema. "Sikukuzalia mdoli."

Chiriku aliona afadhali angechapwa.

Kitinda aliponea chupuchupu, lakini jicho la kushoto halikuona tena. Siku ya kurudi shule, mama aliwasindikiza hadi langoni. Penye bomba, karibu na lango, alisimama Sufuria.

"Karibu, Chongo!"

Watoto wakaangua kicheko, kisha wakamgeukia Chiriku wasikie ataongeza nini.

"Funga mdomo wako!" Chiriku alifoka.

"Kwani nani alitufundisha?" Sufuria aliuliza.

Mama alimshika Chiriku bega.

"Usimkasirikie. Ulipanda wewe, wenzako wanavuna. Dawa za hospitali zimekwisha, sasa imebaki kazi ya mdomo wako. Uliutumia kumuumiza mwenzio, ukaufunga daktari aliposubiri ukweli. Tangu leo uutumie kumlinda."

Chiriku alifuta machozi, akamshika mdogo wake mkono wa kushoto. Kitinda alishtuka, akauchomoa, kisha akageuza kichwa mpaka akamwona ni nani.

"Njoo huku kulia, dada," alisema. "Upande huo sikuoni."