Radi Haipendi Kona

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Fundi Kona alitoka nje kuitazama kazi yake juu ya paa. Wengine huanza siku kwa mazoezi ya viungo. Yeye alianza kwa kujistaajabia.

Kazi hiyo ilikuwa kinga ya radi. Juu ya paa palisimama chuma chenye ncha. Kutoka kwenye chuma hicho, waya wa shaba ulishuka ukutani kwa nidhamu kubwa. Ulipofika dirishani ulipinda kona kali kama kona ya daftari. Ulifuata ukingo wa dirisha, ukapinda tena, ukashuka. Chini, waya uliobaki ulizungushwa mizunguko kumi ya kupendeza. Mwisho wake ulizamishwa kwenye kopo la saruji. Kisha vyote vilipakwa rangi nyeupe, vifanane na ukuta.

“Utakapomaliza kuichumbia, chai itakuwa imepoa!” mkewe aliita kutoka ndani.

“Uzuri hautazamwi kwa haraka, mke wangu.”

“Mbona mimi unanitazama kwa haraka?”

Fundi Kona alikwenda kunywa chai.

Ifahamike kwamba alikuwa fundi hodari wa mabati na mifereji ya maji. Mfereji wake haukuvuja hata tone, na kona zake zilimpa jina. Watu walipoanza kuogopa radi, alisema kinga ni kazi ndogo. Waya ni mfereji mwembamba tu, alisema. Hakumuuliza mtu yeyote. Kuuliza si ujinga, husema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na sifa ya kulinda kama yeye.

Alifunga kinga katika majengo manane: nyumba yake, nyumba ya mama mkwe wake, shule ya chekechea, na nyumba tano za majirani. Kila alipomaliza, alitoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

“Mvua ikianza, sogeeni karibu na waya huu. Radi ikija, waya utaimeza. Hapa ndipo salama kuliko pote.”

Watu walisogea.

Jumanne moja mchana, radi iliipiga nyumba ya mama mkwe.

Fundi Kona alipofika, mvua ilikuwa imekatika. Ukuta ulikuwa na ufa karibu na dirisha. Pazia lilikuwa limeungua. Cherehani ya mama mkwe, ambayo daima hukaa chini ya dirisha hilo, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Nje, jogoo aliyejikinga mvua karibu na waya alikuwa amelala chali, miguu juu, hana habari na dunia tena.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa.”

Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyekalia yai.

“Pole sana, mama.”

“Nimeshapoa. Nilikuwa nashona. Nikanyanyuka kuangalia chungu jikoni. Nilipogeuka tu...” Mama mkwe aliitazama cherehani. “Lakini hukukusudia, baba.”

Laiti angemtukana! Tusi lina mwisho. Msamaha ule ulimwingia Fundi Kona kama mwiba, ukakaa. Alitazama sakafu. Akazihesabu nyufa za sakafu zote, akaanza upya.

Mlango ulifunguliwa, akaingia shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa fundi umeme hospitalini. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Fundi Kona.

“Shemeji, njoo nje unionyeshe. Ile ni kinga ya radi au ni urembo wa harusi?”

Walisimama mbele ya ukuta. Shemeji aligusa alama nyeusi kwa kidole.

“Unaona palipoungua? Ni pale pale kwenye kona. Radi ina haraka. Inataka njia fupi, iliyonyooka. Ukiipindisha ghafla, inaruka. Hii iliruka hapa, ikaingia kwenye nondo za dirisha, ikaenda kwenye cherehani.”

“Lakini maji hufuata kona,” Fundi Kona alisema kwa sauti ndogo.

“Maji hayana haraka. Wewe ukifukuzwa na mbwa, unafuata kona za barabara?”

“Naruka uzio.”

“Basi, radi nayo inaruka uzio. Na hii mizunguko kumi?”

“Waya ulibaki. Nikaona haya kuukata.”

“Inaizuia radi njiani, kama kona tu, tena mara kumi. Na kopo la saruji?”

Fundi Kona alikohoa. “Ili radi ikishaingia isitoke.”

Shemeji alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akakumbuka cherehani, na kicheko kikakatika.

“Shemeji, radi haihifadhiwi kwenye kopo kama unga. Kinga haiizuii radi na wala haiimezi. Inaipa njia ya kuingia ardhini, ndani kabisa, kwenye udongo wenye unyevu. Wewe umeileta mpaka mlangoni, ukaufunga mlango. Sasa ulitaka ikalale wapi?”

Fundi Kona alisikia masikio yake yakiwaka. Alifikiri haraka, kama wafikirivyo watu wenye aibu.

“Nitazibadilisha zote,” alisema. “Polepole. Nitawaambia watu nimekuja kurudia rangi. Hakuna haja ya kuwatia hofu.”

“Hofu yao, au sifa yako?”

Fundi Kona alianza kukwangua rangi ya waya kwa ukucha.

“Na mpaka hiyo rangi ikauke,” shemeji aliendelea, “mvua ikinyesha watu watakaa wapi?”

Hapo ndipo alipokumbuka. Watakaa karibu na waya. Yeye ndiye aliyewaambia. Na katika shule ya chekechea, mwalimu mkuu aliupenda ushauri ule kiasi cha kuhamisha benchi zote za watoto hadi kwenye ukuta ule.

Fundi Kona alitazama juu. Upande wa shule, wingu jingine lilikuwa linajikusanya, jeusi, zito.

Hakuaga. Alikimbia. Kofia ilianguka, akaiacha.

Shuleni, watoto ishirini na sita walikuwa wameketi kwenye benchi, migongo imeegemea ukuta. Waya ulipita nje tu, nyuma ya vichwa vyao. Wazazi wachache waliokuja kuwachukua watoto walikuwa wamesimama mlangoni, wakisubiri mvua ipite. Ngurumo ya kwanza ilisikika kwa mbali.

“Oho, karibu, fundi!” mwalimu mkuu alisema kwa furaha. “Watoto, msalimieni fundi wetu wa radi!”

“Shikamoo, fundi wetu wa radi!”

Kama ardhi ingepasuka wakati ule, angeingia mwenyewe bila kusukumwa.

“Marahaba,” alisema akihema. “Mwalimu, watoto watoke hapo. Waende chumba cha kati, mbali na kuta na madirisha. Sasa hivi.”

“Kwa nini? Si ulisema hapa ndipo salama?”

Wazazi waligeuka. Uongo mwepesi ulikuja ulimini: nimekuja kukagua, ni utaratibu wa kawaida. Ulikuwa mtamu. Aliumeza.

“Nilisema, nami sikujua nililosema. Waya huu nimeufunga vibaya. Leo radi imeruka kutoka kwenye waya kama huu, imemuua jogoo wa mama mkwe wangu. Yeye mwenyewe ameponea chupuchupu.”

Mtoto mmoja aliinua mkono.

“Jogoo alikosa nini?”

“Hakukosa kitu,” Fundi Kona alisema. “Nimekosa mimi.”

Mwalimu mkuu hakuuliza tena. Watoto walishikana mikono, wakahamia chumba cha kati. Mzazi mmoja, dereva wa lori, alibaki akimkazia macho.

“Kwa hiyo mwaka mzima tumeegemeza watoto wetu kwenye mtego?”

“Ndiyo.”

Ni neno fupi, lakini lilimchukua muda mrefu kulitoa.

Radi haikupiga siku hiyo. Wingu lilinguruma, likanyesha kidogo, likaenda zake. Kama ingepiga, angalau angeitwa mwokozi. Haikupiga, akabaki na aibu yake kavu, bila kitoweo.

Jumamosi walianza kazi shuleni. Shemeji alikuwa fundi, na Fundi Kona alikuwa msaidizi. Aliambiwa “shika hapa” akashika, “nyamaza” akanyamaza.

Waliondoa waya mwembamba, wakaweka mkanda mnene wa shaba. Jengo lilikuwa refu, kwa hiyo waliteremsha njia mbili, moja kila upande. Kila njia ilishuka moja kwa moja. Pale ilipolazimika kupinda, waliipa mkunjo mpana kama mpini wa kikapu. Kwenye maungio hawakupaka rangi, kwa sababu rangi huzuia umeme. Walikwangua shaba mpaka ikang’aa, wakakaza kwa vibanio na boliti. Nondo za madirisha na mifereji ya bati iliyo karibu waliiunganisha na njia hiyo, ili radi isipate sababu ya kuruka.

Kisha walichimbia ardhini fimbo za shaba za urefu wa mita tatu, zikiachana, kwenye udongo wenye unyevu, mbali na njia wanayopita watoto. Shemeji alitoa kifaa cha kupimia jinsi ardhi inavyouzuia umeme.

“Thelathini na nane.”

“Ni nzuri?” Fundi Kona aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza, na hakufa.

“Mbaya. Isizidi kumi. Lete fimbo nyingine.”

Walipoongeza fimbo mbili, kifaa kilisoma saba. Shemeji pia alifunga kinga ndogo kwenye mita ya umeme, kwa sababu radi hupenda kuingia hata kwa nyaya za umeme. Mwishowe mwalimu mkuu aliandika ubaoni: Mvua ya radi ikianza, kaeni ndani, mbali na waya, kuta, madirisha na mabomba.

Wiki tatu baadaye, radi iliipiga shule. Mlio ulitikisa mtaa mzima. Watoto walikuwa chumba cha kati. Walipiga kelele, kisha wakapiga makofi. Hakuna aliyeumia, wala taa moja haikuungua. Ncha ya juu tu ndiyo iliyobadilika rangi. Dereva wa lori alimpungia Fundi Kona mkono barabarani. Naye alipunga, lakini alitazama chini, maana akilini bado aliiona ile cherehani nyeusi.

Ilibaki nyumba moja, ya karani mstaafu. Kwingine kote alikuwa amebisha hodi, akakiri, akatengeneza upya kwa gharama yake. Wengine walimsema, wengine walicheka. Karani alifanya baya zaidi. Alimsifu.

“Kona hizi usiziguse! Wageni wangu wote huzistaajabia. Mimi sijaona ubaya wowote. Nenda zako, fundi, umemaliza.”

Hakuna mtu aliyekuwa akisikiliza. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa nyeupe, imenyooka. Fundi Kona alisikia uso ukipata moto, kama mara zote zile sita alizokiri.

“Mzee, nilizitengeneza mimi, na ni mbaya,” alisema. “Zinaweza kukuua. Naomba unishikie ngazi.”

Karani alinung’unika, lakini aliishika. Jioni mvua ya radi iliponyesha, mzee huyo alikuwa ameketi katikati ya nyumba, mbali na kuta zote, akilalamika kwamba kutoka hapo haoni nje ya dirisha.