Kikao Hakijafungwa

"Meza ya tatu, wajomba. Meza ya nne, mafundi wenzangu," Fundi alisoma, simu ikiwa mezani juu ya ramani ya ukumbi.

Alikuwa fundi cherehani, na baada ya siku tisa angekuwa bibi harusi. Hewani walikuwepo wanakamati kumi na mmoja wa harusi, wote wamezima vipaza sauti ili asomapo pasiwe na kelele. Kila kazi ilikuwa na mtu wake. Mwenyekiti, mama mzazi wa bwana harusi, alikuwa na sharti moja: hakuna kukata simu mpaka yeye aseme kikao kimefungwa.

Mlango ukapigwa teke.

Aliyeingia ni bwana harusi. Mtaa mzima ulimwita Mpole, jina ambalo Fundi alishachoka kulisikia. Mwezi uliopita Fundi alimwonyesha mama mkwe alama za vidole vya Mpole shingoni. Akajibiwa kwamba Mpole hajawahi kuua hata mende, labda amejikwaruza na utepe wa kupimia.

Kidole cha Fundi kilishafika kwenye kitufe cha kukata. Kikasita. Akaifunika simu kwa ramani, akaiacha hewani.

"Yule mzee aliyekufundisha kushona, umemweka wapi?"

"Meza ya mbele. Ndiye aliyenipa kazi hii mkononi."

"Mimi nilisemaje?"

"Ulisema asije, lakini kadi alishapewa."

Kofi likamkata kauli. La pili likambwaga juu ya cherehani, mdomo ukapasuka. Mpole akamdaka mkono wa kulia, akaukandamiza kwenye meza ya kupigia pasi. Pasi ilikuwa bado ya moto.

"Rudia. Nilisemaje?"

"Pasi ni ya moto, Mpole, na huo ndio mkono wangu wa kazi."

"Ndiyo maana nimeushika huo."

"Nitamwambia mama yako."

Mpole akacheka. "Si ulishamwambia? Alikuamini? Nilimwambia una wazimu kidogo, akanionea huruma mimi. Subiri uvae pete, ndipo utanijua."

Akaishusha pasi. Ngozi ya vidole viwili ikababuka, na Fundi akapiga yowe ambalo hakujua kama ni lake.

"Iweke chini hiyo pasi."

Mpole akaganda. Sauti ilitoka chini ya ramani.

"Mama?"

"Chini, nimesema. Mwachie mkono. Tumekusikia sote tangu ulipopiga mlango teke."

"Mama, tulikuwa tunataniana tu."

"Nyamaza. Mtu wa gari?"

"Nipo, mwenyekiti."

"Lile gari la bibi harusi linatoka leo. Nipitie hapa kwangu. Mtu wa ulinzi?"

"Nimeshafika kona ya mtaa wa Fundi, na wenzangu wawili."

"Mtu wa huduma ya kwanza?"

"Fundi, mkono kwenye maji ya bomba, mwanangu. Usipake kitu chochote."

"Mtu wa kadi, waandikie wageni wote kwamba harusi haipo. Wakiuliza sababu, wape namba yangu."

Mpole akainyakua simu, akaibamiza ukutani ikasambaratika. Alipogeuka, Fundi alikuwa amesimama na mkasi wa kukatia vitambaa katika mkono wa kushoto, damu ikimtiririka kidevuni.

"Sogea uone," alisema. Mkasi hakuushusha.

Mpole alisogea hatua moja. Ya pili hakuimaliza, maana wanaume watatu walimkumba kwa nyuma, wakambana sakafuni katikati ya vipande vya shela. Alitukana, akang'ata, akamwita mama yake.

Gari lilipofika, mama yake aliingia na kumpita kama hajamwona. Akaenda moja kwa moja kwenye bomba, akaushika ule mkono ulioungua.

"Niliiona shingo yako, mwanangu, nikasingizia utepe. Nilijua. Nisamehe."

"Leo siwezi, mama."

"Basi usinisamehe. Unataka nini?"

"Hospitali. Kisha polisi. Na wewe ndiye utakayesema ulichosikia."

Mama akamtazama mwanawe pale chini. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Nitasema."

Ndani ya gari, maua ya majaribio ya mapambo ya harusi yalikuwa bado yamefungwa kwenye kioo. Sauti ikatoka kwenye simu ya mama, mkobani. Ilikuwa hewani muda wote.

"Mwenyekiti," katibu aliuliza taratibu, "tufunge kikao?"

"Hakuna kukata," mama alijibu. "Fundi bado hajaandikisha maelezo polisi."