Chumvi Haimo Mguuni

Siku niliyokula supu isiyo na chumvi, nilidhani mke wangu amesahau. Kesho yake mikate nayo haikuwa na chumvi. Hapo nikauliza.

"Robiya, kulikoni? Chumvi imekwisha mji wote wa Margilan?"

"Chumvi imejaa mguuni kwangu, Baba Nodira. Siipikii tena."

Akavua soksi. Pembeni mwa mguu, penye shina la kidole gumba, palikuwa na nundu nyekundu. Kidole chenyewe kilikuwa kimemlalia mwenzake. Nundu ile ilianza tangu ujana wake, na mama yake alikuwa nayo pia. Huku kwetu kila mtu atakwambia ni chumvi iliyoganda. Dawa yake eti ni kuacha chumvi, kupaka iodini, na kufunga jani la kabichi lenye asali.

Basi nikawa nalala na mke na kabichi. Shuka zikanata asali. Hilo nilivumilia. Supu ya maji matupu ndiyo iliyonishinda, nikanung'unika asubuhi na jioni.

Robiya anauza mikate. Kazi yake ni kusimama mbele ya tanuri tangu alfajiri, na mguu ulimuuma kama jino bovu. Wateja walimtania: "Mkate wako umefiwa na chumvi?" Alicheka nao. Lakini asubuhi moja nilimkuta amekaa chini kando ya tanuri, unga mikononi, analia.

"Sitaweza kusimama hapa tena," alisema. "Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa msichana. Nikiiacha, nitakuwa nani mimi?"

Nikamsaidia kuinuka. Roho iliniuma.

Mchana alikuja jirani yetu Sojida. Nikamkaribisha supu. Akaonja kijiko kimoja tu.

"Jamani, hii ni supu au maji ya kuoshea vyombo?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akavua kiatu chake. Mguu ulikuwa umenyooka, una kovu jembamba tu.

"Nilikuwa na nundu kama yako, dada. Nikafanyiwa upasuaji. Kwenye harusi ya mwanangu hukuniona nikicheza?"

"Mbona yule bibi wa mtaa wa chini alipasuliwa, na anachechemea mpaka leo?" Robiya akauliza.

"Twende kwa daktari wa mifupa. Kamuulize yeye, usiulize sokoni."

Daktari Umida aliagiza Robiya apigwe eksrei akiwa amesimama. Kisha akatuonyesha picha.

"Hii si chumvi. Ni mfupa wenyewe. Mfupa umeegemea nje, kidole kimeegemea ndani. Ndiyo maana kichwa cha mfupa kimetokeza. Wengi hurithi umbo hili la mguu. Viatu vyembamba na visigino virefu huzidisha."

"Kwa hiyo, daktari, chumvi..." Sikuweza kusubiri.

"Haihusiki na nundu hii. Kula, ila kwa kiasi, kwa sababu ya presha."

Nusura nimbusu mkono! Robiya alinikanyaga kwa ule mguu mzima.

"Basi nipasue leo hii," akasema.

"Polepole, mama. Hatupasui kwa ajili ya urembo. Anza na viatu vipana, pedi laini na dawa ya maumivu. Havitanyoosha mfupa, lakini wengi hupata nafuu, vikawatosha. Maumivu yakiendelea kukuzuia kazi, ndipo tutapasua."

Robiya alivaa viatu vipana majira yote ya baridi. Alipata nafuu kidogo, lakini mbele ya tanuri mguu bado uliwaka moto. Tukarudi. Daktari akamuuliza kama ana kisukari, anatumia dawa gani, na kama anavuta sigara, kwa sababu sigara huchelewesha mfupa kuunga. Kisha akamwambia ukweli wote.

"Kidole kinaweza kubaki kigumu kidogo. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Na nundu inaweza kurudi."

Robiya aliutazama mguu wake. "Afadhali nijue," akasema. "Tuendelee."

Walimchoma sindano ya ganzi, wakakata mfupa, wakaunyoosha, wakaukaza kwa skrubu ndogo. Mimi nje nilitoka jasho kama mwizi. Jioni ile ile akaruhusiwa, amevaa kiatu maalumu cha soli ngumu, anakanyagia kisigino. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nina njaa." Nikapumua.

Daktari aliagiza apumzike, mguu uwe juu ya mito. Lakini mwanamke wa Margilan akiona mgeni, haoni mto. Siku ya tatu majirani walikuja kumpa pole. Nilipoingia kutoka uani, nilimkuta mgonjwa wangu amesimama peku, anawamiminia chai!

"Robiya! Keti!"

"Wageni watasema nini?"

Sojida akampokonya birika. "Watasema una akili! Yule bibi wa mtaa wa chini unadhani alifanya nini? Aliamka kupika chai!"

Bendeji ilikuwa imelowa damu. Mbio kwa daktari. Eksrei ikaonyesha mfupa haujasogea. Alhamdulillahi!

"Una bahati," daktari alisema. "Usirudie. Na ukipata homa au usaha, au shavu la mguu likivimba na kuuma, piga simu siku hiyo hiyo."

Tangu hapo wageni walijimiminia chai wenyewe. Mikate nikaoka mimi. Nikaunguza nywele za mkono, na nusu ya mikate ikabanduka ukutani mwa tanuri, ikaangukia majivuni. Robiya, mguu juu ya mito, aliniamrisha kutoka kwenye kitanda cha uani.

Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeanza kuunga vizuri. Akahamia viatu vipana, akajizoesha kutembea kidogo kidogo. Jioni mguu ulivimba bado, kama daktari alivyotuonya, kwa miezi kadhaa.

Asubuhi moja, mwisho wa kiangazi, nilisikia mkono begani.

"Toka hapo, Baba Nodira. Unaniunguzia mikate."

Akainama tanurini, akabandika mkate wa kwanza, kisha wa pili. Hakukaa mpaka unga wote ulipokwisha. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, namega mkate wa moto wenye chumvi ya kiasi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kufukuzwa kazi.