Bilauri ya Sandukuni

Likizo ya Aprili ilipofika, kazi ya kipimamvua ilimwangukia Katarina. Kila saa tatu asubuhi alimimina maji ya mvua kwenye bilauri ya kupimia, akasoma mstari, akaandika kitabuni. Kisha alituma tarakimu kwa simu ya Babu Qamara hadi ofisi ya hali ya hewa, iliyowatangazia wakulima wa Karatu.

Babu, macho yakiwa yameingia ukungu, aliketi pembeni akikumbuka. Zamani baba yake alipima mvua kwenye mashamba ya ngano hapohapo Mbulumbulu, akipaza sauti, “Inchi moja!” na shamba zima likashangilia. Mwaka mmoja, Babu aliapa, chura aliingia kipimoni akanywa robo tatu ya inchi, ikabidi wamsubiri akojoe ndipo waandike. Kila aliposimulia, chura alikuwa amenenepa kidogo.

Jumatatu, Katarina akiiosha bilauri, ikamponyoka na kuvunjika. Aliogopa kusema. Alifukia vipande nyuma ya zizi, akafungua sanduku la Babu na kutoa bilauri ya zamani ya baba wa Babu, nzito, ya kijani. Mistari ni mistari, alijiambia. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Aliandika 0.9, kisha 0.5, kisha 1.1.

Alhamisi alifika bwana shamba Wilibrodi, pikipiki yake imejaa tope hadi kwenye taa. Alimwamkia Babu, akaeleza kwamba kwa hesabu zilizotumwa, Mbulumbulu haikupata hata milimita tatu. Kwa hiyo lori la mbegu za maharage lingepelekwa kata nyingine kesho yake.

“Lakini tope hili sikulitoa nyumbani,” alisema, kisha akashusha sauti. “Mzee wangu, labda macho yamechoka. Kipimo tukihamishie kwa mwingine.”

Babu alifuta jalada la kitabu kwa mkono wa koti, taratibu, kama alivyofanya kwa miaka arobaini. Katarina hakuwahi kumwona akikosa hadithi.

“Babu, si macho yako,” alisema. “Niliivunja bilauri. Nikachukua ile ya sandukuni.”

Wilibrodi aliiinua bilauri ya kijani kwenye mwanga. “Hii ni ya inchi, binti. Inchi moja ni milimita ishirini na tano nukta nne.”

Katarina alichukua kijiti akazidisha juu ya udongo: 22.9, 12.7, 27.9. Jumla milimita sitini na tatu na nusu. Wilibrodi alipiga simu ofisini palepale, na lori likabaki la Mbulumbulu.

Babu alimvuta mjukuu wake karibu. “Zamani kila mtu alikuwa na kipimo chake. Huyu inchi, yule kidole, na rafiki yangu Senteu wa Olbalbal alitazama kwato za ng'ombe zilivyozama. Nazikumbuka sana siku zile. Lakini serikali inatusikiliza wengi kwa pamoja, basi wote tuseme kwa kipimo kimoja. Na bilauri kuvunjika si kosa kubwa, mjukuu wangu. Kunyamaza ndiko kulikotaka kututia njaa.”

Bilauri mpya ililetwa wiki iliyofuata. Ile ya kijani ikakaa dirishani, ambako Babu huipapasa akisimulia. Siku hizi chura wake hunywa milimita kumi na tisa.