Bomba la Moshi Lililopakwa Rangi

Lucia alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ni ule ulioingia mifupani. Kila alfajiri, baridi ya Njombe ikimuuma masikio, aliwasha jiko la chuma kwa kuni za miti ya miwati na kuoka mikate ya kuuza. Akimaliza, alilimwagia jiko maji ili kuni zilizobaki zisiteketee. Jioni aliwasha tena, akalimwagia tena. Kuni hazidondoki kutoka mbinguni, jamani!

Mama mkwe wake, Oktavia, alilala chumba cha karibu na jiko ili apate joto. Lakini alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Baridi hii itaniua," alisema. "Nipelekeni Mlangali kwa Judith, binti yangu."

Mama mzazi wa Lucia alifariki zamani. Oktavia akiondoka, nani angemwita "mwanangu" tena?

"Labda ni moshi," alimwambia mumewe, Filemoni.

"Moshi gani? Bomba la moshi nililipaka rangi ya fedha Krismasi. Si unaona linavyong'aa?"

Kung'aa! Kama kung'aa kungekuwa kupona, hospitali zote zingeuza rangi.

Jumamosi jirani yao Romanus alikuja kumuaga Oktavia kabla ya safari ya Mlangali. Yeye huchomelea ekzosi, mabomba ya moshi ya malori, huko Makambako.

"Kamwene, mama," alisalimu.

"Kamwene," Oktavia aliitikia, kisha akakohoa.

Romanus alitazama juu, bomba lilikopitia chumbani mwa Oktavia. Akachukua kisu, akakwangua bomba. Rangi ilidondoka, na nyuma yake yakaonekana matundu kama ya chekecheo. Moshi ulitoka hapo hapo.

"Filemoni, bati hili ulilipata wapi?"

"Lilibaki tulipoezeka nyumba."

"Basi ndiyo shida. Bati hili limepakwa zinki. Kwenye mvua zinki huzuia kutu vizuri. Lakini jiko ni kitu kingine. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa husinyaa. Zinki hutanuka kuliko chuma. Kila siku vinavutana, mwishowe zinki hupasuka na kubanduka. Chuma kikibaki uchi, kutu inakila."

"Na maji ninayomwagia?" Lucia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yanapoza ghafla, shemeji. Yanaharakisha uharibifu. Na moshi huu una sumu isiyo na harufu. Huua watu wakiwa wamelala."

Lucia alikaa chini, akalia. "Kumbe ni mimi ninayemuua mama!"

"Hukujua, mwanangu," Oktavia alisema.

Siku hiyo hiyo walimhamishia chumba kingine, wakampeleka zahanati. Jiko halikuwashwa mpaka Romanus alipoleta bomba jipya la chuma kilichopakwa alumini, kama lile la ekzosi.

"Hili huvumilia kupata moto na kupoa," alisema. "Lakini halidumu milele. Likagueni kila mwezi. Likibanduka, badilisheni, msipake rangi. Kuni zilizobaki zitoeni nje, mzifukie kwenye mchanga. Jiko lipoe lenyewe."

Wiki zilipita, safari ya Mlangali ikasahaulika. Asubuhi moja Lucia aliamka, akasikiliza. Kimya. Hakuna kikohozi. Moyo ulimruka! Alikimbia chumbani, akamtikisa mama mkwe wake.

"Mama! Mama!"

Oktavia alifungua jicho moja.

"Niache nilale, mwanangu. Nimechoka kukohoa."

Lucia alicheka huku akilia. Akajilaza pembeni yake, naye akalala. Siku hiyo mikate ilichelewa.